Nani Ameshika Mizani?

Zungumza na watu wa Pasiansi kuhusu kero yoyote, iwe mtaro uliozibwa na taka, iwe bomba linalotoa hewa badala ya maji, iwe mume wa jirani anayempiga mkewe kila akilipwa. Kabla chai haijapoa mtafika kwenye swali lile lile: sawa, tujipange, lakini hela tutatoa wapi?

Swali ni halali. Nimelisikia Kirumba, nimelisikia Nyamanoro, na sina shaka hata wewe umewahi kuliuliza. Shida yangu nalo ni zamu yake tu. Linaulizwa la kwanza, wakati lilifaa kuwa la nne au la tano. Kikundi kinachoanza na hela huishia kutafuta mfadhili kabla hakijajua kinataka nini, na mfadhili akipatikana, yeye ndiye anayekiambia kinataka nini.

Kwa asiyeijua, Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kwenye barabara ya kutoka Mwanza mjini kwenda uwanja wa ndege, ukishaipita Kirumba. Watanzania wengi wanaijua kwa sababu ya chuo: tangu 1966 hapo ndipo wanapofundishwa askari wa wanyamapori. Wenyeji wanaijua kwa mambo mengine, ya mawe na mvua. Mwanza ni jiji la miamba. Nyumba zimepanda vilimani zikishikana na mawe, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila kushuka kwa walio chini.

Maneno mawili tuyaweke sawa kabla ya kuendelea. Kujipanga, katika sura hii, ni watu wenye kero moja kukubaliana kuifuatilia pamoja, wakipokezana kazi na kutoleana hesabu. Nyenzo ni chochote kinachowasaidia kufanya hivyo: daftari, sheria, kivuli cha mti, mtu anayejua kuandika barua, na ndiyo, hela pia.

Pamba, karani na uzito

Kuona kujipanga kulikoanza bila mfadhili, turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1940 inamalizika, na mkulima wa Usukuma, nchi ya Wasukuma inayozunguka Mwanza, analima pamba mwenyewe, anapalilia mwenyewe, anachuma mwenyewe. Anaibeba hadi gulioni, yaani kituo cha kununulia, anaiweka mbele ya karani wa mnunuzi. Karani anasoma mizani na kutaja uzito. Vinu vya kuchambulia pamba vingi ni vya wafanyabiashara wa Kiasia, na bei imepangwa na serikali. Bei ikishapangwa, mwanya mkubwa wa kumpunja mtu unaobaki ni uzito. Wakulima walilalamika kwamba mizani inawapunja. Wengi hawakujua kusoma tarakimu, na anayelalamika bila tarakimu hurudishwa nyumbani na neno moja tu: thibitisha.

Hawakuanza kwa kutafuta msaada nje, wala kwa kuandaa semina. Walitafuta watu wao wa kupima. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika walichangishana wakawalipa wapimaji waliosimama upande wa mkulima, ili uzito anaoutaja karani uwe na uzito mwingine wa kulinganishwa nao. Ni kazi ndogo na ya kuchosha, mtu kusimama juani siku nzima akipima mizigo ya watu. Lakini ilibadili ugomvi. Jana ulikuwa neno la mkulima dhidi ya neno la karani, leo ni namba dhidi ya namba.

Kijana aliyekuwa mstari wa mbele katika mambo haya aliitwa Paul Bomani, aliyezaliwa 1925. Aliwahi kufanya kazi ya ofisini katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alijua vitabu vya hesabu, na hilo ndilo lililomfaa. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, Lake Province Growers Association. Vyama vya msingi, yaani vile vidogo vya vijijini, vikaandikishwa kimoja baada ya kingine, na 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Miaka ya 1950 ilipokwisha, pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inanunuliwa kupitia ushirika wa wakulima wenyewe. Bomani baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi.

Kuna jambo jingine ambalo halikununuliwa kwa hela. Wasukuma walikuwa na elika, kundi la vijana wa kijiji wanaolimiana mashamba kwa zamu, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Watu waliozoea kulimiana kwa zamu hawahitaji kufundishwa maana ya zamu. Anayeingia mtaa wowote leo kwa nia ya kujipanga na watu angeanza kwa kuuliza: elika ya hapa ni ipi? Huenda ni kikundi cha kufa na kuzikana, kwaya, umoja wa bodaboda kijiweni, au akina mama wanaonunua dagaa pamoja mwaloni Kirumba.

*Kwa ufupi: wakulima wa pamba walianza na kipimo kilicho mikononi mwao, wakakijenga juu ya umoja uliokuwepo tayari. Chama kilikuja baadaye.*

Mstari wa mkaa ukutani

Mizani ya mtaro ni ipi? Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme kuna mtaro chini ya kilima, umeziba, na kila mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia kwenye nyumba tisa. Kila mwaka watu wanapeleka malalamiko, na kila mwaka wanaambiwa suala lao linashughulikiwa. Malalamiko yao ni ya kweli lakini hayana kipimo.

Mwaka huu mama mmoja anachukua mkaa. Mvua ikikatika anachora mstari ukutani pale maji yalipofika na kuandika tarehe. Jirani yake anafanya vivyo hivyo. Mtoto wa sekondari anakabidhiwa daftari la kurasa arobaini na nane, analipigia safu nne: tarehe, mvua ilinyesha saa ngapi, nyumba zilizoingiwa na maji, vitu vilivyoharibika na thamani yake. Godoro moja. Gunia la mahindi. Siku tatu mtoto hakwenda shule kwa sababu sare ilikuwa majini. Baada ya msimu mmoja wa mvua wanacho kitu ambacho hata mhandisi wa manispaa hana.

Gharama ya nyenzo hizo ni daftari, kalamu, na mkaa uliobaki jikoni.

Daftari sasa linakwenda wapi? Hapa ndipo vikundi vingi hupotea, kwa sababu hupeleka jambo kwa mtu asiye na uwezo nalo, au hulipeleka wakati usiofaa. Njia ya kawaida mjini ni hii:

- Mwenyekiti wa mtaa, ambaye mmemchagua, na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Wote wawili wapate nakala, na yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.
- Mkutano mkuu wa mtaa. Neno likiingia kwenye muhtasari wa mkutano, linaacha kuwa la mama fulani na kuwa la mtaa.
- Kamati ya maendeleo ya kata, anakokaa diwani.
- Baraza la madiwani, ambako bajeti ya halmashauri hupitishwa.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla, na kwa kawaida mapema mwaka mpya wa kalenda huwa imeshapita kwa madiwani. Mvua za masika zikiwachemsha mkaenda ofisini mwezi Mei, mtakuta chungu kimeshaepuliwa. Daftari la mvua za mwaka huu ni la bajeti ya mwaka ujao. Inauma kulisikia hilo ukiwa na godoro bichi, lakini kulijua ni nusu ya kazi.

Mkinyimwa taarifa, kwa mfano mkitaka kujua kama mtaro wenu umo kwenye mpango au haumo, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Sisemi kila ofisi hufanya hivyo. Nasema barua inayoitaja sheria kwa jina na mwaka husomwa mara mbili.

Kero isiyochoreka kwa mkaa

Mtaro una maji, na maji yana alama. Kipigo cha ndani ya nyumba je? Mwenye alama anaificha kwa khanga. Kero ya namna hii inahitaji nyenzo ya aina nyingine, na Mwanza ina mfano ambao umesomwa zaidi nje ya mipaka ya Tanzania kuliko ulivyosomwa hapa kwetu.

Mwaka 1999 lilianzishwa hapa Mwanza shirika la Kivulini, la kutetea haki za wanawake. Jina lenyewe limebeba mbinu: kivulini ni mahali watu wanapokaa wakaongea bila haraka. Wanakivulini hawakubaki kumsubiri mwanamke aliyepigwa aje ofisini. Walitoka kwenda mitaani, kwa michezo ya kuigiza barabarani, picha za kujadiliwa na mazungumzo na viongozi wa mitaa, wakiwa na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria si wakili. Ni mwananchi wa kawaida aliyefundishwa sheria za msingi, za ndoa, mirathi, ardhi, ili amwelekeze jirani yake hatua ya kuchukua. Tangu 2017 Tanzania ina sheria inayowatambua.

Uzoefu huo haukuishia Mwanza. Mwaka 2003 shirika la Raising Voices la Kampala lilitoa kitabu cha mwongozo cha kuhamasisha jamii kuzuia ukatili majumbani, na kazi ya Kivulini ilikuwa sehemu ya udongo wake. Kinaigawa kazi katika awamu tano, na kinachonivutia ni awamu ya kwanza: kuisoma jamii kabla ya kuifundisha chochote. Unakaa, unauliza, unasikiliza watu wanasema nini kuhusu kipigo, bila kuwasahihisha. Wengi wetu tungeruka hapo moja kwa moja hadi kwenye fulana na maandamano.

Mwaka 2008 Raising Voices wakatoa mbinu nyingine kwa jina la Kiswahili, SASA! Moyo wake ni swali la nguvu. Iko nguvu ya kumkalia mwingine, iko nguvu iliyo ndani ya mtu, iko nguvu ya watu kusimama pamoja, na iko nguvu ya kuchukua hatua. Mjadala hauanzi kwa kumfungulia mwanamume kesi. Unamuuliza: wewe umewahi kukaliwa na nani? Askari? Bosi? Ulijisikiaje? Utafiti uliofanywa Kampala na matokeo yake kutolewa 2014 ulikuta kwamba mitaa iliyopitia SASA! ilikuwa na kipigo kutoka kwa wenza kwa asilimia 52 pungufu kuliko mitaa ambayo haikupitia. Waliofanya kazi hiyo mtaani walikuwa zaidi watu wa kujitolea, majirani tu, wakizungumza saluni, kijiweni, kwenye foleni ya maji.

Mfano mwingine wa hapa hapa ni shirika la WoteSawa, la wafanyakazi wa nyumbani, lililoasisiwa Mwanza na Angela Benedicto ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi hiyo. Fikiria ugumu wake. Wafanyakazi wa kiwanda wanakutana getini asubuhi. Mfanyakazi wa nyumbani yuko peke yake nyuma ya geti la mtu. Hana siku ya kupumzika, hana simu, wakati mwingine hana hata jina, anaitwa dada. Kinachofungua geti hilo ni mtu aliyewahi kulala jikoni, anayejua saa ambayo msichana hutumwa sokoni na anajua neno la kuanzia. Hakuna ruzuku inayoweza kumnunua mtu huyo.

Sanduku lenye kufuli tatu

Sasa tumefika kwenye hela, na nimeziweka hapa kwa makusudi.

Hela ya kwanza ya kujipanga ni nauli. Mtu anayepeleka barua manispaa anapanda daladala, anapiga nakala, anapoteza siku ya biashara. Mkiwa hamna mfuko wa kumrudishia nauli, kazi itamwangukia mwenye uwezo, na baada ya miezi michache kikundi kitakuwa chake.

Mfuko huo tayari upo katika mitaa mingi, nao ni VICOBA, benki ya jamii isiyo na jengo. Chimbuko la mtindo huu ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake kuweka na kukopeshana hela zao wenyewe. Kwetu ulipitia Zanzibar kabla ya kuenea bara. Wanachama wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Hela inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu; funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku anakaa nalo wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na mbele ya wanachama wote ndipo linapofunguliwa. Ndani ya sanduku hilo hilo huwa kuna mfuko wa jamii, fungu dogo la misiba na maradhi. Vikundi vinavyojitambua huamua kwamba nauli ya kufuatilia mtaro nayo ni ugonjwa.

Hela ya pili ni ya halmashauri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya kelele nyingi kuhusu marejesho na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wake. Kumbuka tu kwamba huu ni mkopo wa biashara. Mkiutumia kuendeshea harakati mtadaiwa, na mdai wenu atakuwa ofisi ile ile mnayoidai mtaro.

Hela ya tatu ni ya mbali. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia tangu 2003. Mfuko wa Wanawake Tanzania ulianzishwa 2008. Ruzuku ni hela isiyorudishwa, lakini ina hesabu zake: usajili, akaunti ya benki, ripoti kwa mtindo wa mtoaji. Ni hela nzuri kwa kikundi kilichokwisha kusimama. Kwa kikundi kinachotambaa ni mzigo, maana anayejua kuandika ripoti atageuka kuwa bwana wa wasiojua. Nayo huondoka bila kuaga. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku moja tu ya tangazo, na mashirika mengi Afrika Mashariki yakaamka hayana mishahara.

Na posho? Tuseme ukweli. Ipo mitaa ambayo huwezi tena kuitisha kikao bila bahasha, kwa sababu miaka ya semina imewafundisha watu kwamba kukaa kwenye kiti ni kazi ya kulipwa. Siwalaumu, muuza nyanya akifunga meza amepoteza. Ila kikao kinachoitishwa saa ambayo hafungi meza, hakihitaji bahasha.

*Kwa ufupi: anza na hela mnayoweza kuihesabu wote mkiwa mmekaa. Ya halmashauri ina deni, ya mbali ina ripoti.*

Karani alipokuwa wa nyumbani

Turudi kwenye pamba, maana hadithi niliikatisha mahali pazuri.

Shirikisho la ushirika la Victoria lilikua kwa kasi, likamiliki vinu vyake na kuajiri watu wengi. Karani wa gulioni sasa hakuwa tena wa mnunuzi wa Kiasia, alikuwa wa chama. Na wakulima walianza kunung'unika maneno yale yale: uzito, makato yasiyoeleweka, ajira za ndugu. Manung'uniko hayo hayakuwa ya Mwanza peke yake, na mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuuchunguza ushirika nchini. Mwaka 1968 shirikisho likavunjwa, mahali pake ikaja Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika. Vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982.

Zipo sababu nyingi za anguko hilo, na siasa ya wakati ule ni mojawapo. Ila mimi hurudi kwenye mizani. Mkulima wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na mtu wake wa kumpima karani. Miaka kumi na kitu baadaye karani ni mtu wa chama chake mwenyewe. Sasa mtu wa nyumbani unampimaje? Unaanzaje hata kuomba, bila kuonekana mchochezi?

Kwa hiyo kikundi cha mtaro kikifika mwaka wa pili, kikiwa na sanduku na mhuri na mwenyekiti anayefahamika manispaa, ningependa kukiona kwenye kikao cha Jumapili jioni. Mhazini anasoma matumizi. Nakala za barua, shilingi kadhaa. Daftari jipya. Nauli ya mwenyekiti, kwenda na kurudi. Kisha yule mama wa mkaa, ambaye hana cheo chochote, anauliza kutoka nyuma: siku ile mwenyekiti si alipewa lifti na diwani? Kimya kidogo. Mwenyekiti anacheka, anajikuna shingo. Mhazini anarudisha ukurasa mmoja nyuma, anatafuta tarehe.